Keratini ya Saluni na Safari Ndefu ya Kunyoosha Nywele

Kwa majuma kadhaa sasa tumepokea maswali yanayohusu jambo moja, nalo ni ile dawa ya keratini inayopakwa saluni ili kulainisha nywele asilia. Mama mmoja ananyonyesha mtoto wa miezi minne na anauliza kama anaweza kuijaribu. Mwingine ana binti wa miaka tisa mwenye nywele nyingi za kipilipili. Kila asubuhi kabla ya shule kuchana ni kilio, na msusi amemwambia kwamba keratini itazilainisha bila kuziharibu kama relaxa. Wa tatu ni msusi mwenyewe. Yeye hataki kupakwa, ila anauliza kwa nini macho yake hutoa machozi na pua yake huwasha kila anapowapaka wateja.

Nitawajibu wote watatu, lakini mniruhusu nianze mbali kidogo. Dawa hii imekuja na jina jipya, lakini ina ukoo mrefu, na ukiujua ukoo wake utajua pia la kumuuliza msusi kabla hajafungua chupa.

Kwanza, keratini yenyewe ni nini? Ni protini. Ndiyo inayojenga nywele zetu, kucha zetu, na hata kwato za ng'ombe. Kila unywele ni nyuzi nyingi za keratini zilizoshikana kwa vifungo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vifungo vingine ni vyepesi na hulegezwa na maji au joto. Vingine ni vya salfa, navyo ni imara sana. Nywele zetu za kipilipili hujikunja kwa sababu ya umbo la mahali zinapoota na jinsi vifungo hivyo vilivyojipanga. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuzinyoosha ana njia chache tu: avilegeze vifungo kwa moto, avivunje kwa dawa kali, au azifunge nyuzi kwa nguvu zikiwa zimeshanyooshwa. Katika zaidi ya miaka mia moja iliyopita, majina kwenye chupa yamebadilika mara nyingi. Njia ni zile zile.

Tuanze na moto. Wengi wenu mnalikumbuka lile chanuo la chuma lililowekwa juu ya jiko la makaa, na mtoto akaambiwa ashike sikio lake lisiungue. Watu husema lilibuniwa na Madam C. J. Walker, yule mwanamke Mweusi wa Marekani aliyetajirika kwa biashara ya nywele. Si kweli. Vyuma vya moto vya kutengenezea nywele vilikuwepo Ufaransa tangu karne ya 19, hata kabla Walker hajaanza biashara. Lakini habari zake zafaa kusimuliwa, kwa sababu zilianza na ugonjwa, na mtindo ukafuata baadaye.

Alizaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Louisiana akiitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Alibaki yatima akiwa na miaka saba, akaolewa na miaka 14, akafiwa na mume akiwa na miaka 20 na binti mdogo mkononi. Alifua nguo za watu katika mji wa St. Louis kwa miaka mingi. Nywele zake zikaanza kung'oka. Wakati ule watu maskini hawakuwa na maji ya bomba ndani ya nyumba, kichwa kilioshwa mara chache, na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalienea. Kwanza alikuwa wakala wa mwanamke mwingine Mweusi, Annie Turnbo, aliyekuwa akiuza dawa zake katika mji huo huo. Baadaye akaanza kuuza marashi yake mwenyewe, yaliyokuwa na salfa ya kutibu ngozi, na mawakala wake wakawafundisha wanawake kuosha kichwa mara kwa mara. Chanuo la moto lilikuwa sehemu ya kazi yao, lakini kilichorudisha nywele za wengi kilikuwa usafi na dawa ya ngozi. Alifariki mwaka 1919. Huwa nasikitika kwamba tumemkumbuka kwa chanuo tukasahau sabuni.

Chanuo lilikuwa na udhaifu ambao kila mama anaujua: mvua ikinyesha, kazi yote imekwisha. Moto hulegeza vile vifungo vyepesi tu, na unyevu ukiingia vinarudi mahali pake. Ndipo watu wakatafuta dawa isiyoogopa maji.

Hapa anaingia Garrett Morgan, mtu wa mji wa Cleveland aliyekuwa na karakana ya cherehani. Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1909 alikuwa akitafuta majimaji ya kupaka sindano ili zisiunguze kitambaa cha sufu kwa kusuguana. Akajifuta mikono kwenye kitambaa chenye manyoya, na aliporudi akakuta manyoya yamenyooka. Akampaka mbwa wa jirani, kisha akajipaka yeye mwenyewe kidogo kidogo, na mwaka 1913 akaanzisha kampuni ya kuuza dawa hiyo. Morgan ndiye yule yule aliyebuni kofia ya kujikinga na moshi, akapewa hataza mwaka 1914. Mwaka 1916 ulipotokea mlipuko katika handaki chini ya Ziwa Erie, yeye na ndugu yake walivaa kofia hizo wakaingia kuwatoa watu. Basi mtu mmoja alitupa dawa ya nywele na kinga ya moshi wenye sumu, na leo wasusi wetu wanafanya kazi katika moshi wa dawa ya nywele bila kinga yoyote. Tutarudi kwa hilo.

Dawa iliyoshinda zote kwa nguvu ilikuwa kostiki soda, ile soda kali inayotengenezea sabuni na kuzibulia mifereji. Katika miaka ya 1930 na 1940 vijana wa miji ya Marekani waliichanganya nyumbani na mayai na viazi wakajipaka. Malcolm X alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1965 jinsi kichwa chake kilivyowaka moto siku ya kwanza alipopakwa. Soda hii huvunja vile vifungo vya salfa, na vikivunjika havirudi tena. Ndiyo maana nywele zilizopakwa relaxa hubaki zimenyooka hadi zikatwe. Lakini soda haitambui tofauti kati ya unywele na ngozi.

Mwaka 1954 George Johnson wa Chicago alikopa dola 250 akaanza kuuza krimu ya aina hiyo iliyotulizwa kidogo kwa mafuta. Kampuni yake ilikua hadi ikawa, mwaka 1971, ya kwanza ya watu Weusi kuingia katika Soko la Hisa la Amerika huko New York. Mwaka 1975 serikali ya Marekani iliilazimisha kuandika onyo kwenye kopo kwamba ndani mna soda kali inayoweza kuunguza ngozi na kudhuru macho. Kampuni nyingine kubwa iliyouza dawa kama hiyo haikulazimishwa hadi baadaye, na Johnson alilalamika kwamba ameonewa. Pengine alionewa kweli. Lakini onyo lenyewe lilikuwa sawa, na ilikuwa vyema wanunuzi wajue.

Soko likajibu vipi? Likatoa relaxa zilizoandikwa kwamba hazina ile soda. Hilo lilikuwa kweli kwa maneno. Badala yake ziliwekwa kemikali nyingine zilizochanganywa saa ile ile ya kupaka, na nguvu yao ya kuunguza haikuwa mbali sana na ya zamani. Mama aliyesoma kopo alidhani amepata kitu cha upole. Shikeni jambo hilo, kwa maana litatokea tena, na tena.

Huku kwetu, akina mama waliokuwa wasichana miaka ya 1980 wanaikumbuka kalikiti. Jina hilo lilitokana na Curly Kit, boksi lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1980, la kugeuza kipilipili kuwa mawimbi ya kulowana. Mafuta yalidondoka kwenye kola na mito ya vitanda ilichafuka. Kisha relaxa zikatawala saluni zetu, kubwa kwa vibanda. Kufikia mwaka 2013 soko la vipodozi la Kenya lilikuwa na mvuto kiasi kwamba kampuni ya Kifaransa L'Oréal ilinunua biashara ya Nice & Lovely kutoka kwa kampuni ya Nairobi iliyoianzisha. Halafu vijana wakageuka. Wakakata nywele zilizopakwa relaxa wakaanza kufuga nywele asilia. Ndipo keratini ilipopata mlango, kwa sababu iliahidi kitu ambacho relaxa haikuweza: nywele laini leo, na nywele zako za asili zikirudi baada ya miezi mitatu hivi.

Keratini hii ilitoka Brazili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 saluni za huko zilianza kupaka dawa yenye keratini, kuikausha, kisha kupitisha pasi ya nywele yenye joto la nyuzi zipatazo 230. Nywele zilitoka laini, zinang'aa, na maji hayakuzirudisha. Lakini, msikilizaji mpendwa, keratini pekee haiwezi kufanya hivyo. Ukipaka keratini na kuosha, inaondoka. Kilichozishika nywele kilikuwa fomaldehaidi, na ikichanganywa na maji huitwa fomalini. Ndiyo ile ya maabara ya bayolojia, iliyohifadhia chura kwenye chupa tulipokuwa shule. Ndiyo inayotumiwa mochari kuhifadhi maiti. Kazi yake ni ile ile kote: hushika protini na kuzifunga zisiweze kusogea tena. Kwa maiti, mwili hauozi upesi. Kwa nywele, nyuzi zilizonyooshwa na pasi hubaki zimenyooka.

Kiasi kidogo kabisa, kisichozidi asilimia 0.2, kiliruhusiwa katika nchi nyingi kama kihifadhi cha vipodozi. Kiasi hicho hakinyooshi nywele. Wenye saluni wakaongeza wao wenyewe fomalini ya kununua dukani. Hali hiyo ilifanya Brazili, mwaka 2009, ikataze fomalini isiuzwe katika maduka ya dawa na masupamaketi. Wakati huo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa limekwisha kuiweka fomaldehaidi, mwaka 2004, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya sehemu ya nyuma ya pua. Baadaye saratani ya damu iliongezwa.

Kisa kilichofungua macho ya dunia kilitokea mwaka 2010 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Wasusi wa saluni moja walianza kutokwa na damu puani, macho yakiwasha na pumzi ikibana, kila walipotumia dawa ya Brazilian Blowout. Chupa ilikuwa imeandikwa kwamba haina fomaldehaidi. Hawakunyamaza. Walipeleka malalamiko kwa wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo hilo, nao wakapima chupa. Wakakuta fomaldehaidi kwa wastani wa zaidi ya asilimia 8. Wakaguzi wa Kanada nao mwaka huo huo walipata asilimia 12. Linganisheni na ile 0.2.

Kampuni ilijitetea kwamba kilichomo ni kitu kingine chenye jina la methylene glycol. Mkemia atawaambia kwamba fomaldehaidi ikitiwa ndani ya maji hugeuka kuwa kitu hicho, na maji yakikauka au pasi ikipita, hurudi kuwa gesi ya fomaldehaidi na kuingia puani. Ni kama kumwita mtu kwa jina la ubatizo nyumbani na kwa jina la ukoo kazini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliipa kampuni hiyo onyo mwaka 2011. Mwaka 2012 kampuni ilikubaliana na jimbo la California kulipa dola 600,000 na kuwaonya wateja. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku fomaldehaidi katika vipodozi mwaka 2019. Mamlaka ya Marekani ilitangaza mwaka 2023 kwamba inapanga kuikataza katika dawa za kunyoosha nywele, miaka 13 baada ya damu kuwatoka puani wale wasusi wa Portland.

Soko likajibu vipi? Mnajua tayari. Zikaja chupa zilizoandikwa kwamba hazina fomaldehaidi, na nyingine kweli hazina. Mahali pake pakawekwa asidi inayoitwa glyoxylic acid. Kwa muda hii ilionekana kuwa jibu. Kisha madaktari wa Israeli walieleza kuhusu wagonjwa 26 waliofika hospitalini kati ya mwaka 2019 na 2022 figo zao zikiwa zimeshindwa ghafla kufanya kazi, wote baada ya kunyooshwa nywele kwa dawa za aina hiyo. Mwaka 2024 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake ziliumia mara tatu, mwaka 2020, 2021 na 2022, na kila mara alikuwa ametoka saluni. Watafiti walipowapaka panya asidi ile mgongoni, waliona chembechembe ngumu zimejikusanya ndani ya figo zao. Inaonekana asidi hupita kwenye ngozi, na mwili huigeuza kuwa chumvi inayoziba figo.

Kuna utafiti mmoja zaidi ambao huenda mmeusikia ukitajwa kwa kelele. Ulitoka mwaka 2022 Marekani, baada ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Wale waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa wingi zaidi. Kwa makadirio, kati ya wanawake 1,000 wasiozitumia, 16 hivi wangeipata kufikia miaka 70. Kwa watumiaji wa mara kwa mara, ni 40 hivi. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, wala haukutenganisha chupa na chupa. Usikose usingizi kwa relaxa uliyopaka ulipoolewa. Lakini anayepaka kila baada ya miezi miwili aufikirie.

Sasa maswali yetu. Mama anayenyonyesha, ushauri wangu ni usubiri. Hatari iliyo karibu zaidi ni mvuke, kwa sababu mtoto wa miezi minne mara nyingi huwa mapajani mwa mama pale saluni, na mapafu yake ni madogo. Mjamzito naye asubiri, na mwenye pumu asiijaribu kabisa. Hata ukienda saluni kusuka tu, ukikuta mwenzako anapigwa pasi ya keratini na chumba kimejaa moshi, toka nje na mtoto.

Kwa mama wa binti wa miaka tisa, jibu ni hapana. Joto la nyuzi 230 laweza kuharibu mkunjo wa nywele za mtoto usirudi tena, hata dawa ikiwa safi, na dawa yenyewe tumeiona. Kilio cha asubuhi kina tiba ya bei rahisi. Usichane nywele kavu. Jumapili jioni zioshe, zipake kondishona kwa wingi, zigawe mafungu manne au sita, na uchane kila fungu likiwa bichi kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia ncha na kupanda polepole kuelekea shinani. Paka mafuta kidogo, ya nazi yanatosha, kisha suka matuta yasiyovuta ngozi. Alale amefungwa kitambaa laini. Hadi Ijumaa hutagusa chanuo.

Na wewe msusi, macho yako yanakuambia ukweli ambao lebo imeuficha. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hii, wala ile ya hospitali. Fungua madirisha na milango pande zote mbili, vaa glavu, na usikubali dawa uliyopimiwa kutoka chupa kubwa isiyo na lebo. Kama chupa ina lebo, maneno ya kutafuta yameandikwa Kiingereza: formaldehyde, formalin, methanal, methylene glycol, na sasa glyoxylic acid. Manukato yaliyotiwa ndani huficha harufu, kwa hiyo pua peke yake haitoshi kukuhakikishia. Wateja nao waombe kuiona chupa kabla ya kukaa kitini. Msusi akikataa kuionyesha, ondoka na pesa zako.

Kwa wale waliokwisha kupakwa: dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa. Kifua kikibana, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiona katika saa au siku zinazofuata unatapika, tumbo au mgongo unauma, au mkojo umepungua, usidhani ni chakula tu. Nenda upimwe figo, umweleze daktari kwamba ulinyooshwa nywele na lini, na ukiweza beba chupa yenyewe au picha ya lebo yake. Juma lijalo tutazungumza kuhusu mapunye kwa watoto wa shule.